Usimtajie Jibu

Siku hizi mijini kuna mchezo wa chumba cha mafumbo: familia hufungiwa ndani, ikatafuta pamoja dalili za kufungulia mlango kabla muda haujaisha. Sisi wa Bariadi tuna wetu, wa bure. Wasukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wazee waliwafunza vijana. Kitendawili! Tega! Ukishindwa, unatoa mji.

Ndugu msomaji, utamu wa mchezo ni kule kuhangaika pamoja. Soma Waamuzi 14. Samsoni aliwategea vijana 30 harusini, akawapa siku 7. Wangeweza kukesha wakibishana na kucheka. Badala yake walimtisha mke wake kwamba watamchoma moto pamoja na nyumba ya baba yake. Jibu walilipata, lakini karamu ikaishia kwenye damu kule Ashkeloni.

Mimi sikumtisha mtu. Ila Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mwanangu wa mwisho alikuwa bado anakuna kichwa nikamtajia jibu. Alinitazama, akainuka, akaenda kulala mapema. Leo jioni natega masikio, atege yeye. Mji nimeshauandaa: Bariadi yote.