MVUA IKINYESHA GARI LAGOMA KUBADILI GIA? SUBIRI KWANZA KUTOA LAKI NANE!

Wiki hii naomba tuyaweke kando mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, niwape kisa kilichonikondesha masika nzima. Ni kisa cha gari. Na wewe ambaye bado hujanunua usigeuze ukurasa, maana ukija kununua litakuwa lile lile la mtumba kutoka Japani kama la kwangu, tena la otomatiki.

Ilianza hivi. Asubuhi moja mvua ya kufa mtu, nimetoka zangu Tabata naelekea mjini. Kabla sijafika Buguruni gari likawa zito ghafla. Nakanyaga mafuta, linanguruma, linajikokota kama punda aliyebebeshwa mchanga. Kwenye dashibodi taa ya O/D OFF inanikonyeza, konyeza, konyeza. Nyuma yangu honi utadhani kuna harusi. Nilifika kazini nimelowa jasho na nje ni baridi!

Jioni jua limetoka, nikawasha kwa hofu. Aisee! Gari laini kama si lenyewe, gia zinapanda zenyewe bila kelele. Mvua iliyofuata, yale yale. Jua likiwaka, linapona. Nikaanza hata kuwaza habari za majirani, si mnajua tena uswahilini kwetu.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. Alilizungusha mtaa mmoja, akashuka anatikisa kichwa kama daktari wa kwenye filamu. "Dada, hapa giaboksi imekufa. Tafuta laki nane, nikuletee nyingine leo leo, nyingine ya hivi huipati."

Laki nane nilikuwa nayo. Ila ilikuwa kodi ya nyumba ya miezi sita, na mwenye nyumba wangu ni mtu wa kufunga kufuli la pili mlangoni bila kukuaga. Bado nilikuwa radhi kuitoa, maana bila gari na kazi yangu ya kuzunguka na mizigo ningeumbuka vile vile. Tukakubaliana nije Jumatatu.

Kilichoniokoa ni Jumamosi. Nilipeleka gari kuoshwa, kijana akaniuliza, "Na injini, sista?" Nikasema osha. Akapiga maji ya presha kila kona. Jua linawaka kweli kweli, hakuna wingu, lakini natoka pale tu, taa ile inakonyeza! Nikaegesha pembeni nikakaa kimya. Kumbe tatizo si mvua wala baridi. Ni maji, na yameingia mahali fulani chini ya boneti.

Jumatatu sikwenda kwa yule. Nikaenda Ilala kwa mzee mmoja ambaye shoga yangu alinielekeza. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamwaga kisa chote. Hakushika hata spana. Alianza na maswali, na maswali yenyewe ndiyo nataka uyakate uyaweke kwenye droo ya gari.

La kwanza: linaanza mvua inapoanza tu, au mpaka upite dimbwi? Kama ni mvua peke yake, maji yanatoka juu: boneti, waya za plagi, soketi zilizo karibu na betri. Kama ni mpaka ukanyage dimbwi, yanatoka chini: sensa ya spidi, waya zinazopita chini ya giaboksi. Na kama linasumbua asubuhi tu, hata kusipokuwa na mvua, kisha likipata moto linatulia, hapo achana na habari za maji. Angalia kwanza kama oili ya giaboksi imepungua au raba za ndani zimekauka kwa uzee.

La pili lilinichanganya: linavuta au linakwama? Akanifafanulia. Giaboksi ikiteleza, mshale wa mizunguko ya injini unapanda juu lakini gari haliendi, kama mtu anakimbia kwenye utelezi. Ila kama gari linashtuka-shtuka, linakohoa hasa unapopanda kilima, mara nyingi giaboksi haina kosa lolote. Ni plagi, koili au waya zake zimepata unyevu na moto unakimbilia kwingine badala ya kuingia kwenye silinda. Alisema wengi wameuziwa giaboksi wakati waliyehitaji ni waya wa plagi. Kipimo chake ni rahisi: usiku kwenye giza, breki ya mkono juu, gia kwenye P, injini inaunguruma, pulizia maji kidogo kama ukungu kwenye waya na koili. Ukiona vicheche vya bluu vinacheza, umempata mwizi wako. Lakini mikono mbali, ule umeme utakurusha.

La kwangu lilikuwa la tatu, la kukwama. Linang'ang'ania gia moja ya juu na taa inakonyeza. Hapo, akasema, ni kompyuta inajilinda. Ikipoteza mawasiliano na solenoidi, yaani vile vijikoki vya umeme vinavyofungua na kufunga njia za oili ndani ya giaboksi, haitaki kubahatisha. Inaacha gia moja ili ufike nyumbani, basi.

Tukapima kwa mashine. Ikaleta kosa la solenoidi. Nikaishiwa nguvu, nikajua laki nane ndiyo hiyo inakwenda. Mzee akacheka. "Mashine imesema njia ya umeme ya solenoidi, mwanangu. Haijasema solenoidi." (Wenye Toyota za zamani kabla ya OBD2 wanaweza kusoma hata bila mashine. Unaunganisha TE1 na E1, swichi imewashwa, O/D iko ON, taa yenyewe inakonyeza kwa hesabu: 62 ni solenoidi ya kwanza, 63 ya pili, 42 ni sensa ya spidi. Ila mwachie anayejua, tundu ukilikosea unaunguza kitu kingine.)

Akachukua mita, akapima upande wa giaboksi pakiwa pakavu. Omu 13. Akasema nzima, nyingi za aina hii husoma kati ya 11 na 15. Kisha akaniomba ile chupa ya kupulizia maji niliyokuwa nayo kwenye kiti cha nyuma, ya saluni. Akaanza kupulizia soketi moja moja, anasubiri, anahama. Msomaji, hapa ndipo nilipouona ufundi. Ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu, iliyojificha chini ya trei ya betri, taa hiyooo!

Alipoichomoa, ndani kijani kibichi kama ukoko wa shaba ya zamani, na ile raba ya kuzuia maji haipo kabisa. Kuna fundi aliwahi kufungua pale akaiangusha, akarudishia hivyo hivyo. Siku zote hizo maji yalikuwa yanatiririka kutoka boneti hadi kwenye soketi. Akasafisha kwa dawa ya soketi, akakausha, akatia raba kutoka gari bovu na grisi ile maalumu ya umeme. Elfu thelathini na tano, pamoja na soda yake.

Sasa usije ukadhani kila kesi ni soketi. Mwulize binamu yangu. Yeye alipita pale Bonde la Jangwani Mto Msimbazi umetapika, mahali ambapo kwa miaka mingi mafuriko yamefunga Barabara ya Morogoro. Bishoo akaona aibu kugeuza, maana pembeni kuna msichana. Maji mpaka kwenye vitasa. Akavuka, akashangilia.

Asichojua ni kwamba giaboksi ina kitundu cha kupumulia juu. Ikiwa ya moto halafu ikazama ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa, na inavuta chochote kilicho karibu na kile kitundu. Akavuta maji. Siku ya tatu gari likaanza kutetemeka na kuteleza, naye anasema litakauka. Halikauki! Soketi hukauka, oili haikauki.

Dalili yake unaiona mwenyewe bila fundi. Chomoa stiki ya oili ya giaboksi, pangusa kwenye karatasi nyeupe. Oili nzuri ni nyekundu na inapenyesha mwanga. Ukiona rangi ya maziwa ya strawberi, zima gari hapo hapo, liite la kuvuta. Klachi za ndani zina tabaka kama la karatasi lililogundishwa kwa gundi. Maji yakikaa humo gundi inaachia. Na kumwaga oili mara moja hakutoshi, kwa sababu nyingine inabaki kwenye tobo konveta. Wanamwaga, wanajaza, wanaendesha kidogo, wanamwaga tena. Ikiwahi, inapona. Ya binamu haikuwahi. Yeye ndiye aliyenunua giaboksi, na msichana siku hizi anapanda gari la mwingine.

Kama hujapita kwenye maji yoyote lakini oili ni ya strawberi, geukia redieta. Magari mengi hupozea oili ya giaboksi humo humo ndani ya redieta, na ukuta ukitoboka vinachanganyika, masika au kiangazi. Magari mengine ya kisasa hayana stiki kabisa, itabidi fundi afungue kutoka chini. Na yale ya CVT yana oili yake tofauti, usikubali kujaziwa yoyote iliyopo dukani.

Kodi nililipa kwa wakati. Juzi mvua kubwa ilinikuta tena Buguruni, taa kimya, gia zinapanda kama kawaida, nikakutana na yule fundi wa kwanza amejikinga kibandani. Akanipungia mkono nisimame. Alitaka kujua kama bado nahitaji ile giaboksi, eti alikuwa amenitunzia.