Wamama, tujue haki zetu kwenye bariere

Tunapotoka Nundu na mihogo kwenda Baraka ao Uvira, pikipiki ikisimamishwa kwenye bariere, sisi tunaobebwa tunaogopa. Tukumbuke Katiba ya 2006. Kifungu cha 17 kinakataza kumkamata mtu kwa kosa la mwingine: dereva akikosa makaratasi, kosa si la mama aliyebebwa. Kifungu cha 18 kinasema anayekamatwa aelezwe sababu palepale, kwa lugha anayoisikia. Ana haki ya kuita jamaa yake. Polisi wasimshikilie kupita saa 48. Kisha aachiliwe ao apelekwe parke. Tukiombwa feza, tuseme kwa heshima: "Shefu, utupatie risiti." Tubebe vitambulisho, na tuwafundishe binti zetu maneno haya.