Bata mzinga mwitu akija barazani, usimpe mkate

Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, bata mzinga ni ndege wa sikukuu. Anafugwa uani, ananenepeshwa kwa pumba na makombo, na Krismasi ikifika anaingia sufuriani. Waliohamia kaskazini mashariki mwa Marekani hukutana na ndege huyohuyo kwa sura nyingine. Hana mwenyewe, anatembea katikati ya barabara na kundi lake, na kuna siku anakataa kumpisha mtoto anayekwenda kupanda basi la shule.

Jimbo la Massachusetts ni mfano mzuri. Miji yake ya Lowell na Worcester ina familia nyingi zenye asili ya Kenya, na wapo pia watu waliotoka nchi jirani. Katika vitongoji vya Boston, hasa Brookline, bata mzinga mwitu wamekuwa kama wakazi wa mtaa. Wanachakura bustani, wanadonoa magari yaliyoegeshwa, na jioni wanaruka kwenda kulala juu ya miti mirefu.

Mgeni anayekutana nao mara ya kwanza huweza kufanya kosa moja kati ya mawili. La kwanza ni kukimbia. La pili ni kumwonea ndege huruma na kumtupia mkate. Kosa la pili ndilo kubwa, kwa sababu ndilo linalozaa la kwanza.

Waliwahi kutoweka kabisa

Jina lake lina neno bata, lakini ndege huyu si bata. Ni jamaa wa kuku, kware na kanga. Asili yake ni Amerika Kaskazini. Wenyeji wa Mexico walianza kumfuga zamani sana, Wahispania wakampeleka Ulaya katika karne ya 16, na kutoka Ulaya akasambaa duniani. Kwa hiyo bata mzinga wa banda la Arusha na yule wa mtaani Boston ni wa jamii moja. Tofauti ni kwamba wa kufugwa amekuwa mzito hata hawezi kuruka vizuri, wakati wa porini hukimbia hadi kilomita 40 kwa saa na kwa safari fupi anaweza kuruka kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 80 kwa saa.

Walowezi wa Massachusetts walikata misitu ili wapate mashamba, na wakawawinda ndege hawa bila kikomo. Bata mzinga mwitu wa mwisho anayejulikana katika jimbo hilo aliuawa mwaka 1851 katika Mlima Tom. Kwa zaidi ya miaka 100 jimbo zima likawa halina hata mmoja.

Baadaye mashamba mengi yaliachwa na miti ikaota tena. Watu walijaribu kuwarudisha ndege hao kwa kuachilia waliokuzwa bandani, lakini hawakudumu, kwa kuwa ndege wa banda hana ujuzi wa porini. Mwaka 1972 na 1973 ndipo jitihada zilipofanikiwa. Bata mzinga 37 wa porini walikamatwa jimbo jirani la New York na kuachiliwa katika misitu ya Berkshires, magharibi mwa Massachusetts. Walipozaliana, baadhi walikamatwa na kusambazwa sehemu nyingine za jimbo. Leo idara ya wanyamapori ya jimbo hilo, MassWildlife, inakadiria kuwa wapo zaidi ya 30,000.

Kwa nini anapenda mtaani

Walioachilia ndege hao walitarajia wakae msituni, lakini mtaa wenye nyumba na bustani una kila anachokitaka. Kuna miti ya mialoni inayodondosha mbegu, nyasi fupi zenye wadudu, na matawi marefu ya kulala. Mwindaji naye haruhusiwi kufyatua bunduki karibu na nyumba inayokaliwa bila ridhaa ya wenyewe. Sheria ya Massachusetts inataka umbali wa futi 500, yaani takriban mita 150.

Juu ya hayo kuna chakula cha bure. Wamarekani wengi hutundika vibakuli vya mbegu kwa ajili ya ndege wadogo, na mbegu zinazomwagika chini humwita bata mzinga na kundi lake lote. Wengine huwatupia mkate au mahindi, hasa theluji ikiwa nyingi, wakidhani watakufa njaa. Hawahitaji msaada huo. Theluji ikizidi, bata mzinga mwitu anaweza kukaa mtini siku kadhaa bila kula, kisha akashuka kuendelea na maisha yake.

Anavyompima mtu

Ndani ya kundi la bata mzinga kila mmoja ana cheo chake, na cheo hupatikana kwa kutishana na kupigana. Mwezi Machi hadi Mei, wakati wa kutafuta majike, ugomvi huo hupamba moto. Dume lenye kilo 7 hadi 10 hutandaza mkia kama upepeo, hubinua mabawa mpaka yakwaruze ardhi, na ngozi ya kichwa hugeuka nyekundu na bluu. Kwenye miguu ana vikwaru kama vya jogoo.

Ndege aliyezoea kulishwa hupoteza woga, na mtu anayeleta chakula humhesabu kuwa mmoja wa kundi. Ndipo maswali ya cheo yanapoanza. Mwenye sauti nzito na hatua za uhakika huachwa apite. Mtoto mdogo, au mtu anayerudi nyuma kwa hofu, huonekana yuko chini, na hapo atafukuzwa au kudonolewa. Ndege hana chuki na mtoto huyo. Anamfanyia kile anachomfanyia bata mzinga mwenzake.

Sababu hiyohiyo ndiyo inayomfanya apigane na magari. Kwenye mlango wa gari unaong'aa anaona dume jingine linalomkodolea macho, na kila akidonoa, mpinzani naye anadonoa. Dawa ni kufunika kioo au sehemu inayong'aa kwa kitambaa mpaka achoke na kuondoka.

Mtoto afanye nini

Kanuni ya kwanza ni kutokukimbia. Mtoto afundishwe kusimama wima, kumtazama ndege, kuinua mikono na kupaza sauti, kisha arudi taratibu kuelekea mlangoni bila kumpa mgongo. Kwa mtoto mdogo sana, mzazi ambebe.

Mtu mzima naye asionyeshe hofu. Wataalamu wa MassWildlife wanashauri kumtisha ndege mkorofi kwa kelele, kwa kumpungia fagio, au kwa kumrushia maji ya mpira wa bustani. Mbwa aliyefungwa kamba pia husaidia. Lengo si kumjeruhi, ni kumkumbusha kwamba hapa si mahali pake. Jambo hilo lifanywe na kila mtu wa nyumba, kwa sababu ndege anaweza kumheshimu baba na bado akaendelea kumfukuza mtoto wa darasa la kwanza.

Usafi nao ni nusu ya kazi. Vibakuli vya mbegu viondolewe, mbegu zilizomwagika zifagiliwe, na mabaki ya chakula yasiachwe nje usiku.

Kitoweo kinatembea bure?

Bibi aliyetoka Moshi kwenda kumsaidia binti yake kulea anaweza kuangalia dirishani na kuuliza kwa nini nyama yote ile inatembea bila mtu kuishika. Ni swali la haki kwa mtu aliyefuga maisha yake yote. Jibu analopaswa kupewa ni fupi: “Mama, huyo haguswi. Ana sheria yake.”

Bata mzinga mwitu huwindwa Massachusetts kwa msimu tu, katika majira ya kuchipua na ya vuli, na mwindaji lazima awe na leseni. Kumkamata uani, kumtega au kumuua nje ya utaratibu huo ni kosa. Hata kumkamata ili kumpeleka mbali haruhusiwi raia wa kawaida. Kwa familia ambayo karatasi zake za uhamiaji bado zinashughulikiwa, kuingia matatani na sheria kwa ajili ya mchuzi wa siku moja ni gharama isiyolipika. Anayemtaka mezani atamkuta dukani, hasa Novemba, karibu na Sikukuu ya Shukrani inayoangukia Alhamisi ya nne ya mwezi huo.

Ikiwa ndege mmoja amekuwa hatari kweli, anawaangusha wazee au kuwazuia watoto kwenda shule, kazi hiyo iachiwe mamlaka: polisi wa mji, ofisa wa wanyama wa eneo, au Polisi wa Mazingira wa jimbo.

Jirani anayelisha

Ugumu mkubwa wa jambo hili mara nyingi uko upande wa pili wa uzio. Nyumba kumi zinaweza kufagia mbegu na kufukuza ndege kwa fagio, lakini moja ikiendelea kumwaga mahindi kila asubuhi, kundi halitaondoka.

Anayelisha huenda akawa mzee anayeishi peke yake, na ndege hao ndio wageni pekee wanaomfikia kila siku bila kukosa. Ukimwanza kwa malalamiko, ataona unamnyang'anya wenzake. Huu ni wakati wa kutumia ujirani ambao wahamiaji wengi walilelewa nao: kubisha hodi na chapati mkononi, kumsalimia, kukaa kidogo, ndipo kumweleza kwamba mtoto anaogopa kufika kituo cha basi. Yapo mambo mawili ya kweli ya kumwambia. Ndege hawatakufa njaa akiacha kuwalisha. Na ndege anayezoeshwa watu akishakuwa mkorofi, mwisho wake huweza kuwa kuuawa na mamlaka. Anayewapenda kwa dhati ataelewa.

Hata aliyebaki nyumbani ana cha kujifunza hapa. Mkazi wa Diani aliyenyang'anywa ndizi mezani na tumbili anajua kwamba yule tumbili hakuzaliwa na ujeuri huo. Kuna mtu alimpa ndizi ya kwanza huku akicheka na kupiga picha. Mnyama wa porini hatofautishi mkono uliomlisha jana na mkono wa mtoto aliyeshika andazi leo. Anayempa chakula anafurahi kwa dakika moja, na anayelipa ni mtu mwingine, mara nyingi mdogo kuliko yeye.