Bunduki ya Kundi, Leseni ya Mtu Mmoja

Nchini Kenya hakuna bunduki halali ya kuwindia swala. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikambana hata anayewinda ili ale: faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili. Kwingineko sheria humshika mwindaji mkono na kumwonyesha silaha ya kuchukua. Anayewinda kulungu katika jimbo la Ohio, Marekani, huelezwa ni risasi za namna gani anazoruhusiwa, na kwamba bunduki yake ya marisau isibebe zaidi ya risasi 3. Turkana swali hilo halina pa kuulizwa, ilhali bunduki zimejaa katika malisho yote kutoka Lodwar kupita Kakuma hadi mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia, na wafugaji huzichagua kwa makini kuliko mwindaji yeyote wa burudani. Ninachodai ni kwamba uchaguzi huo una kanuni zake, zilizozaliwa na mila ya kulinda mifugo, na kwamba sheria ya Kenya imezikosa shabaha kwa sababu huuliza bunduki ni ya nani, mahali ambapo wenyeji huuliza ni nani atakayeijibia.

Tuanze kabla ya baruti. Mturkana ni mfugaji kwanza. Heshima yake iko katika ng'ombe, ngamia, mbuzi na punda wake. Uwindaji wa choroa, swala granti na digidigi ulikuwa akiba ya kiangazi na tegemeo la waliofilisika mifugo, wakitumia mkuki, mitego na mbwa. Silaha zenyewe zilikuwa sehemu ya vazi la mwanamume: mkuki, ngao ya ngozi, kisu cha kidoleni, na abarait, kile kisu cha duara kinachovaliwa kwenye kifundo cha mkono kikiwa na ala ya ngozi ukingoni. Kila mtu alivaa vyake, lakini matumizi yake hayakuwa shauri lake peke yake. Nyama ilipochomwa, wanaume walikaa katika akiriket, nusu duara ambayo kila mmoja ana nafasi yake kwa rika na kwa kundi, awe wa Ngimoru, yaani mawe, au wa Ngirisae, yaani chui. Hapo wazee waliomba dua, hapo maneno ya emuron, mwaguzi, yalipimwa, na hapo safari ya vita ilikubaliwa au kukataliwa. Aliyeua adui alichanjwa chale mwilini. Chale zile zilikuwa fahari, hakuna haja ya kulificha hilo. Lakini pia zilikuwa ushahidi wa wazi, usiofutika, kwamba fulani ameua na jamii yote inajua.

Bunduki ziliingia katika utaratibu huo, hazikuukuta uwanja mtupu. Mwanzoni mwa karne iliyopita wafanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Ethiopia walizileta kaskazini, na baadhi ya Waturkana walizitumia kuupinga utawala wa Waingereza. Mwaka 1918 majeshi ya kikoloni yaliwaandama, yakawanyang'anya silaha na maelfu ya mifugo, huku majirani wa ng'ambo ya mpaka wakibaki na bunduki zao. Mwaka 1979, Idi Amin alipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa na Wakaramoja wakapata bunduki za kivita kwa wingi; mwaka huohuo ukame ulikuwa unawamaliza Waturkana mifugo. Vita vya Sudan navyo vilimwaga silaha upande wa pili. Katika kumbukumbu za vizazi vitatu, kila aliyebaki bila bunduki aliporwa na aliyekuwa nayo. Kumbukumbu hiyo ndiyo shule ambamo mfugaji wa leo amejifunza kuchagua.

Na huchagua kwa risasi kabla ya kuchagua bunduki. Ile Mark 4 ya kizamani, iliyorithiwa kutoka enzi za Waingereza, hufika mbali na haisumbui, lakini hukokwa kwa mkono kila baada ya mlio mmoja, na hilo ni hatari mbele ya mwenye bunduki ya rashasha. G3 ina nguvu na masafa, nayo ni silaha ya vikosi vya Kenya, kwa hiyo risasi zake hupatikana zaidi upande huu wa mpaka. AK-47 huvumilia vumbi na kutotunzwa, na risasi zake zimeenea Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia. Bunduki hizi mbili zote ni za milimita 7.62, ila ganda la risasi ya G3 lina urefu wa milimita 51 na la AK ni 39, hivyo hakuna kuazimana. Anayechunga karibu na Lokiriama, mpakani mwa Uganda, hufikiria nani atamsaidia risasi zikimwishia; mwenzake wa Kibish, mpakani mwa Ethiopia, hufikiria vivyo hivyo na huenda akafika kwenye jibu tofauti. Katika hesabu hiyo swala hayumo kabisa. Yumo jirani.

Hapo ndipo inapoonekana kwamba bunduki ya Turkana, hata inapobebwa na kijana mmoja, ni mali yenye wenyewe wengi. Hununuliwa kwa mifugo, na mifugo ni ya boma chini ya mkuu wa boma. Huchaguliwa ioane na bunduki za adakar, yaani maboma yanayohama na kulisha pamoja. Hali ya usalama ikiharibika, maboma mengi hukusanyika katika arumrum, kambi kubwa ya kujilinda, na hapo bunduki chache hulinda maelfu ya mifugo isiyokuwa ya wenye kuzishika. Kijana huyo ni mlinzi aliyekabidhiwa.

Sheria ya Bunduki ya Kenya, ambayo asili yake ni ya 1953, haijui kitu kama hicho. Cheti chake hutolewa kwa jina la mtu mmoja mwenye sababu binafsi, na raia wa kawaida hawezi kupewa leseni ya bunduki ya kivita ya rashasha. Sheria hiyo inafaa kwa mfanyabiashara wa Nairobi. Kwa mchungaji aliye mbali na kituo chochote cha polisi, haina la kumpa. Daraja pekee kati ya sheria na mila limekuwa polisi wa akiba, waliojulikana kwa miaka mingi kama KPR na sasa NPR chini ya Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Hao ni wenyeji wanaopewa bunduki ya serikali walinde kwao. Lakini daraja hilo hujengwa na kubomolewa kwa amri za ghafla: mwaka 2019 bunduki zao zilikusanywa katika kaunti kadhaa za kaskazini, na baada ya operesheni ya Februari 2023 dhidi ya ujambazi, serikali ikarudi kuajiri polisi wa akiba. Mchungaji hawezi kuisalimisha bunduki yake ya magendo kwa kutegemea ulinzi unaokuja na kuondoka hivyo.

Atakayenipinga ataanza na wazee wenyewe. Atasema penye wazee haliharibiki neno ni maneno ya zamani. Wazee walibariki uvamizi mwingi, na siku hizi vijana wenye AK na wafanyabiashara wanaosafirisha ng'ombe wa wizi kwa malori hawasubiri dua ya mtu. Hilo ni kweli, na uzito wake ni mkubwa. Bunduki imempa kijana uwezo wa kutajirika bila ridhaa ya baba. Hata hivyo, ushahidi wa upande wa pili uko Lokiriama, ambako mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Uganda walipatana na kuzika silaha ardhini. Mapatano hayo hukumbukwa kila mwaka mpaka leo, na yameishi kuliko operesheni zote za serikali zilizokuja baadaye. Hayakudumu kwa sababu wazee ni watakatifu. Yalidumu kwa sababu kila upande ulijua ni nani wa kuulizwa yakivunjwa. Mamlaka ya wazee yamepungua, lakini kinachopungua huweza kuongezewa nguvu, na dola ndiyo yenye nguvu ya kuongeza.

Pingamizi la pili ni la wanaotaka bunduki zote zichukuliwe. Uganda ilijaribu Karamoja, kwa nguvu zaidi tangu 2006, na kwa miaka kadhaa uvamizi ulipungua sana; baada ya 2019 ukafufuka. Mei 2023 Rais Museveni aliamuru wafugaji wa Turkana wanaoingia Uganda waje bila bunduki. Amri hiyo ni ya haki kwa mwenyeji anayepokea wageni, lakini inamtaka mchungaji aache silaha nyuma na kupita katika njia ambazo hakuna dola inayomlinda. Somo la 1918 halijabadilika: kuwapokonya upande mmoja ni kuwaarifu wa upande wa pili. Kupokonya kunaweza kufaulu pale tu kunapofanywa pande zote za mpaka kwa pamoja, na ulinzi ukitangulia.

La tatu ni la usawa, na hili huulizwa vizuri zaidi Kakuma kuliko mahali pengine. Kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa huko mwaka 1992 imewaweka watu waliokimbia bunduki jirani na watu wanaoishi kwa bunduki. Kwa nini mwenyeji aruhusiwe kile ambacho mkimbizi, Mpokot au mkazi wa Lodwar anafungwa kwacho? Tena Ibara ya 239 ya Katiba inakataza vikundi vyenye silaha visivyowekwa na sheria. Jibu langu ni kwamba sidai Mturkana aruhusiwe bunduki yake. Nadai kwamba polisi wa akiba wawekwe kwa kila adakar, wa Turkana na wa Pokot sawasawa, kwa majina yaliyopitishwa mbele ya wazee wa adakar hiyo, risasi zihesabiwe mbele yao, na adakar nzima ipoteze nafasi hiyo silaha ikipatikana imeua. Kisha bunduki za magendo zisalimishwe adakar kwa adakar, kwa muda wa miezi badala ya siku. Ibara ya 159 tayari inazitambua njia za jadi za kutatua migogoro. Kilichobaki ni kuziunganisha na daftari la silaha la polisi. Marufuku ya uwindaji ibaki ilivyo, kwa maana choroa na swala granti wa Turkana tayari ni wachache. Lakini serikali iliyoweza kumwambia mfugaji asimpige swala inadaiwa pia kumwambia, kwa kanuni anayoweza kuifuata, ni nani atakayemlindia mbuzi.