Jiografia ya binadamu haifauliwi kwa kukariri pointi

"Eleza kwa nini vijana wengi huhama vijijini kwenda mijini." Swali la namna hii halikosekani katika mazoezi ya jiografia, kuanzia kidato cha pili hadi cha sita. Jibu lake wanafunzi wengi wanalo mdomoni hata kabla mwalimu hajamaliza kulisoma: ajira, elimu, afya, umeme, maji. Pointi tano, mistari mitano, kazi imekwisha. Karatasi ikirudi, mwanafunzi anashangaa alama zake zimeishia wapi, maana kila alichoandika ni kweli.

Ni kweli, ila si jibu. Swali lilimtaka aeleze, naye ametaja. Hapo ndipo watoto wetu wengi wanapopoteza alama katika jiografia ya binadamu, na inasikitisha, kwa sababu katika masomo yote ya sekondari hili ndilo ambalo mtoto wa Tanzania analiishi kila siku. Linahusu idadi ya watu, uhamaji, makazi, kilimo, viwanda, biashara na miji. Mtoto aliyekulia Kahama, Lushoto au Mbagala ameyaona hayo kwa macho yake kabla hajafungua daftari.

Pointi moja, majibu mawili

Tuwatazame watahiniwa wawili wanaojibu swali hilo hilo. Wa kwanza anaandika: "Watu huhamia mijini kutafuta ajira." Anaweka nukta na kurukia pointi ya pili.

Wa pili anaandika hivi: "Katika vijiji vinavyotegemea mvua, kazi za shamba huwa nyingi wakati wa kupanda na kuvuna, kisha kiangazi hupita bila kipato cha uhakika. Kijana wa Kondoa au Mpwapwa husukumwa na hali hiyo kuondoka. Papo hapo huvutwa na kazi za ujenzi jijini Dodoma, ambako Serikali ilianza kuhamia mwaka 2016."

Wote wawili wametoa hoja ya ajira. Ila wa pili ameonyesha msukumo na mvuto, ametaja mahali, na ameeleza jambo linavyotokea. Akiongeza kwamba E. G. Ravenstein aliandika mwaka 1885 kuwa wahamaji wengi huenda umbali mfupi, na kwamba safari ya kutoka Mpwapwa hadi Dodoma inaendana na maelezo hayo, msahihishaji hana sababu ya kumbania.

Kwa hiyo kila hoja ya insha iwe na mambo matatu: hoja yenyewe, maelezo ya jinsi inavyofanya kazi, na mfano wa mahali panapojulikana. Mwanafunzi akizoea kuandika hivyo katika kila zoezi, hata la nyumbani, siku ya mtihani mkono utakwenda wenyewe.

Takwimu chache, zitumike vizuri

Wapo wanaojaza kichwa tarakimu hadi zinagongana. Hakuna haja. Kwa mada ya idadi ya watu, chukua sensa tatu tu. Mwaka 1967 Tanzania ilikuwa na watu 12,313,469. Mwaka 2012 walikuwa 44,928,923. Mwaka 2022 tukafika 61,741,120. Ndani ya miaka 55 tumeongezeka mara tano.

Sasa zifanyie kazi. Kati ya sensa mbili za mwisho waliongezeka watu zaidi ya milioni 16.8, na kasi ya ongezeko ilikuwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Gawanya 70 kwa 3.2, upate karibu 22. Hiyo ndiyo miaka ambayo idadi ya watu itachukua kuwa maradufu kasi isipopungua. Mwanafunzi anayeweza kuifanya hesabu hiyo kwenye kona ya karatasi ana uwezo wa kujadili shule, zahanati, ardhi na ajira kwa ushahidi.

Piramidi ya umri nayo isichorwe tu, isomwe. Kitako chake ni kipana kwa sababu zaidi ya asilimia 40 ya Watanzania wana umri chini ya miaka 15. Mwanafunzi ajiulize: nani anawalisha hao, watahitaji madarasa mangapi, na wakifika miaka 20 watafanya kazi gani? Mzigo wa utegemezi unaotajwa kwenye vitabu ni huo.

Kuhusu msongamano, linganisha mikoa miwili. Sensa ya 2022 ilikuta watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, wastani wa watu wapatao 3,900 kwa kila kilomita ya mraba. Lindi ina watu 18 hivi kwa kilomita ya mraba. Nchi ni moja, na mikoa yote miwili iko pwani. Kueleza tofauti hiyo kunamlazimisha mwanafunzi aguse bandari, barabara, viwanda, historia ya utawala wa kikoloni, rutuba na maji. Swali moja la namna hii, likifanywa kwa utulivu, linapitia nusu ya mada.

Nadharia ziletwe nyumbani

Kinachowatisha wengi ni majina ya wataalamu wa Ulaya na Marekani. Yanakaririwa pamoja na miaka yao kama majina ya wafalme, kisha yanasahaulika getini. Dawa yake ni kuipeleka kila nadharia mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuipima.

Chukua ya Johann Heinrich von Thünen, mkulima wa Kijerumani aliyechapisha kitabu chake mwaka 1826. Alisema mazao yanayoharibika haraka hulimwa karibu na soko, na yanayovumilia safari hulimwa mbali. Mpeleke mwanafunzi soko la Ilala au Mabibo asubuhi na mapema, na daftari mkononi.

"Shikamoo mama. Samahani, huu mchicha umetoka wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Umechumwa jana jioni hapo bondeni. Ukilala tena hapa, kesho hakuna wa kuununua."

Mchicha huo umefika kwa baiskeli au bodaboda, bado una maji. Hatua chache mbele kuna magunia ya viazi kutoka Njombe na Mbeya, na maharage yanayoweza kukaa ghalani miezi bila kuharibika. Hadi hapo von Thünen yuko sahihi. Lakini mwanafunzi asiondoke kabla hajauliza bei ya nyanya, maana nyingi zinatoka Ilula, mkoani Iringa, zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam, na nyanya haina subira. Kumbe barabara ya lami na lori linalosafiri usiku vimeifupisha safari ambayo von Thünen aliipima kwa mikokoteni ya farasi. Viazi navyo havitoki Njombe kwa sababu ya umbali. Vinatoka huko kwa sababu ya baridi ya nyanda za juu, ilhali nadharia ilidhani ardhi yote inafanana. Hayo ndiyo majibu ya swali linalosema "tathmini nadharia", swali ambalo wengi hulikimbia. Asubuhi moja sokoni imelimaliza.

Mada nyingine inayorudi mara kwa mara ni uhusiano wa watu na rasilimali. Thomas Malthus aliandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula, na mwisho wake ni njaa na maafa. Ester Boserup, mchumi wa Denmark, alikuja mwaka 1965 na hoja nyingine: watu wakiongezeka, hubuni njia za kuvuna zaidi kwenye ardhi ile ile. Wanafunzi huwaandika wawili hawa kama timu mbili zinazochuana, kisha wanachagua mshindi. Tanzania ina ushahidi wa pande zote mbili.

Kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Victoria, kimejulikana kwa wanajiografia kwa miaka mingi. Watu ni wengi na ardhi ni kidogo, wakulima wakazoea kufugia ng'ombe ndani, kukusanya samadi na kuirudisha shambani ili ardhi ilimwe mwaka baada ya mwaka. Kule Mbinga, Wamatengo hulima ngoro, mashimo yanayopangwa kwenye miteremko mikali ili mvua isiondoke na udongo. Kwenye mteremko wa Kilimanjaro kihamba kimoja kinabeba migomba, kahawa, miti na mifugo. Hao wote wanamuunga mkono Boserup.

Kisha twende Kondoa. Huko mifugo, kilimo na ukataji miti viliiacha ardhi ikiliwa na makorongo. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika ili majani na miti vipate nafasi ya kurudi. Malthus angeitazama Kondoa ya wakati ule na kusema, nilisema mimi. Mwanafunzi anayeweka Ukara na Kondoa katika insha moja, akaeleza kwa nini matokeo yalitofautiana, amejadili. Anayewamaliza wataalamu wote wawili kwa tarehe zao amekariri.

Viwanda ni hivyo hivyo. Alfred Weber alifundisha mwaka 1909 kwamba gharama ya kusafirisha huamua kiwanda kijengwe wapi. Tani 10 za miwa hutoa takriban tani moja tu ya sukari, ndiyo maana viwanda vya Kilombero, Mtibwa, Kagera na Moshi vimezungukwa na mashamba ya miwa. Saruji inatengenezwa Wazo Hill kwa sababu mawe ya chokaa yapo hapo hapo. Soda na bia, ambazo sehemu kubwa ni maji, hutengenezwa karibu na wanywaji, mijini.

Na ukifika kwenye muundo wa miji, usiishie kwenye duara za Ernest Burgess alizozichora mwaka 1925 akiitazama Chicago. Dar es Salaam haikukua kwa duara. Ukoloni uliigawa kwa rangi za watu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na baadaye jiji likatambaa kufuata barabara kuu za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa. Hapo maelezo ya Homer Hoyt ya mwaka 1939, ya mji unaokua kwa kufuata njia za usafiri, yanasaidia zaidi. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016 katika njia ya Kimara hadi Kivukoni, ni mfano ulio hai.

Lugha isiwe ukuta

Mtihani wa jiografia wa sekondari huandikwa kwa Kiingereza, na wapo wanafunzi wanaoelewa vizuri lakini wanakwama kwenye sentensi. Mwalimu asiwazuie kujadili mada kwa Kiswahili kwanza. Wakishaelewa jambo linavyotokea, waliandike kwa sentensi fupi za Kiingereza, na mwalimu asahihishe maelezo na lugha kwa pamoja. Kukariri aya nzima ya Kiingereza usiyoielewa ni hatari, kwani swali likigeuzwa kidogo tu, aya hiyo haina kazi.

Majuma ya mwisho

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, wa kidato cha sita Mei. Miezi miwili kabla, madesa mapya hayahitajiki tena. Kinachotakiwa ni kufanya mitihani iliyopita kwa saa, tena kwa kuandika. Kuisoma na kutikisa kichwa hakutoshi. Saa tatu zinaisha upesi kwa mtu ambaye hajawahi kukaa saa tatu akiandika.

Baraza la Mitihani, NECTA, hutoa kwa kila somo taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Humo mna maswali, mahali watahiniwa walipokosea, na mifano ya majibu mazuri na mabovu. Shule nyingi zinazo taarifa hizo, ila zimelala ofisini. Zitolewe zisomwe darasani. Mpe mwanafunzi jibu bovu la mwenzake wa mwaka jana alisahihishe mwenyewe. Atajifunza kuliko kwa mahubiri ya kipindi kizima.

Vikundi vya majadiliano vinafaa vikiwa vidogo na kila mtu ana la kufundisha. Mmoja achukue uhamaji, mwingine makazi, mwingine viwanda, na kila mmoja aje na mfano wa wilaya yake. Anayesikiliza awe na ruhusa ya kuuliza, "Kwa nini pale, si kwingine?" Mwenzake akishindwa kujibu, wote wamejua pa kurudia.

Wazazi nao wana nafasi, hata ambao hawakufika sekondari. Babu aliyehamishiwa kijiji cha ujamaa wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1974 na 1976, anajua kuhusu makazi ya kutawanyika na ya pamoja mambo ambayo kitabu kinayapitia kwa mistari miwili. Mama anayeuza dagaa kutoka Mwanza anajua gharama ya usafiri kuliko mwandishi yeyote wa notsi. Waulizwe.

Walimu wenzangu, tuwapunguzie watoto kunakili ubaoni na tuwaongezee kutazama na kuandika. Nanyi watahiniwa, wikendi hii kila mmoja achague kitu kimoja mtaani kwake, soko, kiwanda, shamba au stendi, aandike ukurasa mmoja kueleza kwa nini kipo pale kilipo, kisha Jumatatu ampelekee mwalimu ausahihishe.