Skana haijui bei

Lawama nyingi zinazoiangukia skana ya mkononi si zake. Rafuni unga una bei moja, kaunta inadai nyingine, na mteja anakikodolea macho kile kibunduki chenye mwanga mwekundu kana kwamba ndicho kilichopandisha bei. Skana haijui bei. Haijui hata kama kilicho mbele yake ni unga au sabuni. Inasoma tu nambari iliyomo katika mistari ya msimbopau. Bei iko kwenye kompyuta ya duka, na aliyeibadilisha huko akasahau kibandiko cha rafuni ni binadamu. Nyama na mboga zinazopimwa humohumo dukani zina utaratibu wake: nambari yake huanza na 2, na uzito au bei huweza kuwamo ndani ya mistari yenyewe.

Ule mstari mwekundu wa skana ya leza nao si mstari. Ni nukta moja ya mwanga, inayopeperushwa kushoto na kulia na kioo kidogo kinachotikisika kichwani mwa mashine, kwa kasi inayolihadaa jicho. Ikipita juu ya weupe, mwanga mwingi unarudi. Juu ya weusi, unarudi kidogo. Kihisi kinafuatilia mabadiliko hayo, lakini hakipimi milimita: kinalinganisha upana wa mstari na wa jirani zake, ndiyo maana ukisogeza paketi karibu au mbali kidogo inasoma vilevile. Na kwa kuwa mwanga wenyewe ni mwekundu, mistari iliyochapwa kwa wino mwekundu juu ya karatasi nyeupe haionekani kabisa. Hapa ndipo wajasiriamali wetu wa asali na pilipili wanapoumia. Wamelipia nambari, kisha mchapaji anawapambia lebo kwa rangi za kupendeza na kuukata weupe wa pembeni mwa mistari ili jina la biashara lipate nafasi. Weupe ule ni sehemu ya msimbopau. Bila huo skana haijui mistari inaanzia wapi, na mzigo mzima unarudishwa.

Sasa chukua paketi yoyote ya majani ya chai uitazame vizuri. Chini ya mistari kuna tarakimu 13, lakini ya kwanza imesimama peke yake upande wa kushoto, nje ya mistari. Imewekwa nje kwa sababu haikuchorwa. Wamarekani walianza na tarakimu 12. Tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, Ohio, pakiti ya chingamu za Wrigley ikawa bidhaa ya kwanza kupitishwa kaunta kwa mfumo huo. Wazungu wa Ulaya walipoanzisha wao mwaka 1977 walitaka tarakimu ya 13, lakini bila kuipanua michoro. Wakaificha.

Jinsi walivyoificha ndiyo inayonifurahisha. Kila tarakimu iliyochorwa ina vijinafasi 7 vya upana sawa, vingine vyeusi, vingine vyeupe. Nusu ya kulia, vyeusi katika kila tarakimu ni idadi shufwa. Nusu ya kushoto, tarakimu ileile inaweza kuchorwa kwa witiri au kwa shufwa, na mpangilio wa tarakimu sita za nusu hiyo ndio unaotaja tarakimu isiyochorwa. Nambari zinazotolewa Kenya huanza na 616, za Tanzania 620. Zote mbili zina 6 mbele, kwa hiyo nusu ya kushoto ni witiri, shufwa, shufwa, shufwa, witiri, witiri. Ya kwanza kushoto ni witiri daima. Skana ikikuta shufwa mahali pake, inajua paketi imegeuzwa juu chini na inasoma kinyumenyume bila kumsumbua keshia.

Ila 616 haimaanishi bidhaa ilitengenezwa Kenya. Inamaanisha nambari ilitolewa na GS1 Kenya, shirika linalogawa nambari hizi, basi. Zile orodha zinazosambazwa WhatsApp za kutambua maziwa yametoka nchi gani, zifuteni.

Kinachoniudhi zaidi ni skana zinazotupwa zikiwa nzima. Kwa kompyuta, skana nyingi ni kibodi: inapiga tarakimu 13 kisha kitufe cha Enta, upesi kuliko kidole chochote. Mipangilio yake hubadilishwa kwa kuisomesha misimbopau maalumu iliyo kwenye kijitabu chake. Mtu akiisomesha ukurasa usiofaa, kesho yake haipigi Enta, au inaleta herufi za ajabu, na bosi anaagiza mpya. Dawa iko kwenye kijitabu hichohicho, kwenye msimbo wa kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Kijitabu chenyewe kilikwenda na boksi. Kebo nayo ikikatika, kwenye mashine nyingi huchomolewa kwa kuingiza pini katika kitundu kidogo cha mpini, ikapachikwa nyingine. Na kabla ya yote hayo, futeni kioo cha mbele. Unga na vumbi la ghala vimeua skana chache kuliko watu wanavyodhani.

Matumizi mengine ya skana yanajulikana: maktaba, mifuko ya damu hospitalini, vifurushi vya posta, kuhesabu mali boharini. Miraba ya QR, iliyobuniwa Japani na Denso Wave mwaka 1994 kwa ajili ya vipuri vya magari, inahitaji skana yenye kamera, leza haiwezi. GS1 inataka kaunta za maduka ziwe zinasoma miraba ifikapo mwisho wa 2027, na nina hakika mashine nyingi za leza zitaishia jalalani kwa kisingizio hicho, hata za maghala ambayo kila boksi linaloingia lina mistari. Mnaozihitaji mkae karibu na mlango wa nyuma.