Manundu ya Mgonjwa wa Ukoma: Aache Dawa?

Tumeulizwa kuhusu ndugu aliyeko Manyoni, Singida, kulikojengwa makazi ya wagonjwa wa ukoma ya Sukamahela. Anakunywa dawa za ukoma, na sasa ameota manundu yenye maumivu pamoja na homa. Aziache?

Asiziache. Hilo si jini wala sumu ya dawa. Kinga ya mwili inapambana na mabaki ya vimelea, na mafuta ya chini ya ngozi yanavimba. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu haudhihiri. Daktari hupapasa, hupima ganzi na mishipa ya fahamu, pengine hukata kipande cha ngozi kikapimwe. Tiba kubwa ni prednisoloni, ambayo daktari huipunguza polepole. Kuikatiza ghafla ni hatari. Saumu ikimdhuru, ale, alipe akipona (al-Baqara: 184). Ama kumtengea sahani, hakuna sababu: anayetumia dawa haambukizi.

Wallahu a'alam.